Hema la Turubai

Hema ni lao wawili, walilinunua kwa bei ya ndama
mwaka niliozaliwa. Kiraka cha kushoto alishona Orval,
cha kulia baba, kwa uzi wa viatu.
Misimu thelathini na mmoja wamelala humo,
jiko la chuma katikati,
na kila elki aliyeanguka
(paa mkubwa kama fahali, pembe zake matawi)
wamemgawa kwa macho, bila mizani:
paja lako, paja langu,
ulimi wa mke wa Orval, anayejua kuupika.

Mwaka huu mizigoni kuna neno jipya.

Mbwa mwitu. Waliletwa kwa ndege, Januari,
kumi, ndani ya masanduku, redio shingoni.
Milango ikavutwa, theluji ikapokea nyayo
ambazo haikuzipokea tangu babu yake Orval
alipolipwa dola kwa kila ngozi.
Picha yake ipo bado dukani kwa Haugen:
masharubu, bunduki,
mizoga minane kama nguo kwenye kamba.

"Nani aliwaomba?" Orval anakoroga kahawa
isiyo na sukari, isiyo na maziwa.
"Watu wa Denver, wanunuzi wa nyama ya plastiki.
Miaka mitatu, Ramón, na bonde hili
litabaki na pembe za ukutani tu."

Baba hana haraka na maneno.
"Elki wamekuwa wavivu," anasema.
"Wanasimama mtoni kama ng'ombe,
wanatafuna mierebi hadi mizizi.
Kile kijito ulikonifunza kuvua
leo ni mfereji wa matope.
Mnyama asiyeogopa kitu si windo, Orval.
Ni mfugo."

"Basi uliwapigia kura."

Kuni zikapasuka jikoni.
Biskuti, mbwa wa Orval, pua nyeupe kwa uzee,
akainua kichwa kana kwamba kaulizwa yeye.
Baba akanitazama mimi,
mara moja tu, kama mtu aangaliavyo saa,
kisha akasema, "Kura ni siri,"
na Orval akauchukua ule ukimya, akaujaza mwenyewe.

Nilipaswa kusema. Nilikuwa nakata vitunguu.
Karatasi ile niliitia alama ya ndiyo
mezani kwa mama, kwa kalamu ya baba,
yeye akiwa zizini,
na hadi leo sijui alijuaje.

Saa nane usiku ikaja sauti.
Haikuwa kubwa. Ilianza chini,
mlango wa ghala unaosukumwa na upepo,
ikapanda, ikapata ya pili, ya tatu.
Biskuti akajikunja chini ya kitanda cha baba.
Cha baba, si cha Orval.
Mbwa mwitu: nusu ya jina imo hemani, inatetemeka;
nusu iko nje, inaita.
Nikamsikia Orval akinong'ona, "Nne… tano…"
kama anavyohesabu elki, kwa heshima ileile,
halafu akakumbuka kuwa amekasirika
akaanza kupapasa buti.

Asubuhi, nyayo, hatua arobaini kutoka kamba zetu.
Baba akalaza kiganja ndani ya mmoja. Kikaenea.
"Mwizi kapita," akasema Orval.
"Au mwenye nyumba."
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu,
lakini pale, mbele ya theluji ile,
nani angeapa ni yupi mgeni?

Hawakuua kitu msimu huo.
Siku ya kuondoka walilikunja hema kama kawaida,
pembe kwa pembe, wakiendeana
hadi mikono ikagusana.
Ilikuwa zamu ya Orval kulihifadhi.
Akalitupa kwenye gari letu.
"Kaa nalo," akasema, akampakia Biskuti.

Sasa limo ghalani, lina manyoya ya mbwa.
Barua ya kukiri nimeiandika mara mbili,
kalamu ni ileile.
Orval hupita barabarani bila kupiga honi,
ila akifika kwenye kona yetu
taa za breki huwaka, kidogo,
pasipo na kitu njiani.